Kifungu cha Tisa cha Katiba Yetu ya Maji

Fundi alikuwa ameshaweka spana kwenye valvu, na mimi ndiye niliyemwambia aache. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu kwa siku tisa nilikaa kimya huku watu wakiamini kwamba fundi alikataa mwenyewe. Nimejaribu pia kuisimulia habari hii nikianzia kwingine, na kila mara nimejikuta naonekana mwema kuliko nilivyokuwa.

Mradi wetu wa maji uko upande wa chini wa Kanyakine. Maji yanatoka mtoni, juu karibu na msitu, yanashuka kwa bomba moja nene hadi kwenye tangi la mawe, kisha yanagawanyika katika laini sita. Kila laini ina valvu yake ndani ya kisanduku cha saruji. Bomba lile si la mtu. Kila kaya ilichimba kipande chake cha mtaro, kikapimwa kwa ufito mmoja, na ufito haukuwa ukibadilika kwa sababu ya ukubwa wa shamba. Mwenye ekari kumi alichimba fito zile zile alizochimba mwenye robo ekari. Mama alichimba chetu kwa siku nne, na siku ya tano hakuweza kushika kikombe. Ndiyo maana mpaka leo ukimwuliza maji ni ya nani hakujibu kwa maneno, anakuonyesha viganja.

Bomba lilikuwa la wote, lakini uamuzi haukuwa wa wote. Kila laini ilichagua mjumbe, na wajumbe sita wakamchagua mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu ambaye sisi wote tunamwita Mwalimu hata kama hakutufundisha. Walichaguliwa mara moja, basi. Wakati wa kiangazi laini za rafiki zao zilipata maji siku mbili mfululizo, na ukiuliza unaambiwa, "Si mlituchagua?" Nililichukia swali hilo kuliko kiu yenyewe, kwa sababu nilikuwa nimelisikia kwingine.

Nilipomaliza kidato cha nne sikuendelea na masomo. Nilikwenda Timau, nikafanya kazi mwaka mmoja na nusu katika shamba la maua. Kazi yangu ilikuwa kupanga waridi kwa urefu wa shina, na niliipenda, nisiseme uongo. Mimi ni mtu wa kusawazisha vitu. Shina likizidi kidogo tu kifua kinanibana. Asubuhi moja tulikuta tangazo kwamba saa ya kuanza kazi imesogezwa nyuma, na mwenzangu alipouliza nani ameamua, msimamizi alijibu kwamba wafanyakazi wana wawakilishi wao na wawakilishi wamekubali. Tulitazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyewajua wawakilishi hao kwa sura.

Katika chumba nilichopanga, mpangaji aliyetangulia alikuwa ameacha katoni ya vijitabu vya zamani kuhusu ujamaa, vingine havina jalada. Nilivisoma vyote nikiwa na kamusi pembeni. Sikuwa na mtu wa kuniambia hiki ni cha maana na hiki si cha maana, kwa hiyo nilinakili kila kitu katika madaftari na kubishana nacho kwenye ukingo wa ukurasa. Nilijifunza kwamba mali ikiwa ya wote bila uamuzi kuwa wa wote, wenyewe wanageuka wageni katika nyumba yao. Nilijifunza pia kwamba mjumbe ni mtu aliyetumwa, na aliyetumwa anaweza kuitwa arudi. Kijitabu nilichokipenda zaidi kilikuwa kimekosa kurasa za katikati. Kilianza kwa kuwasema vibaya wawakilishi wasioulizwa kitu, kikaruka, kikaishia kwa watu wote kukutana na kuamua. Yaliyokuwa katikati niliyajaza mwenyewe. Nikaamua kwamba ujamaa wa kweli hauna mjumbe kabisa.

Nikarudi nyumbani na imani hiyo. Haikupita miezi mingi, ofisi ya maji ikataka kila mradi uandike katiba mpya, laini yetu, ya tatu, ikanituma niwe karani wa mradi, na kazi ya kuandika ikaniangukia. Niliandika rasimu kumi na nne. Ya kumi na tatu ilikuwa sawa kabisa na ya kumi na mbili isipokuwa mkato mmoja, na mkato huo ulinikosesha hamu ya kula.

Ya mwisho niliipeleka Embu nikaipige chapa. Dada yangu ni karani wa ofisi pale mjini, anaishi mtaa wa Dallas, na alinipa sofa kwa siku tatu. Aliisoma akiwa amesimama, mwiko wa ugali mkononi.

"Wewe, hii ni katiba ya maji ama ni ya Kenya?"

"Ya maji."

"Sasa mbona ina dibaji?"

"Kila katiba ina dibaji."

"Haya." Akafungua kurasa. "Kifungu cha tisa. 'Hakuna mjumbe, mwenyekiti wala fundi atakayefungua au kufunga valvu yoyote bila kura ya theluthi mbili ya wanachama wote wa laini hiyo, wakiwa wamekusanyika.' Hata kufunga?"

"Hata kufunga. Anayeweza kufunga anaweza kunyima."

"Na paipu ikipasuka?"

"Watu watakusanyika."

"Siku ya soko?"

Nilimwambia amekaa ofisini mpaka amesahau watu. Alicheka, akarudi kwenye sufuria yake. Nilikasirika siku mbili, na najua sasa kwamba mtu hakasiriki hivyo akiulizwa swali la kijinga. Anakasirika akiulizwa swali zuri.

Katiba ilipita bila shida. Kwetu kura hupigwa kwa kuvuka mtaro. Tulipofukia ile mingine tuliacha mmoja wazi, ule unaopitisha maji yanayofurika kutoka kwenye tangi, na tangu siku za kuchimba ndipo tunapokutana. Anayekubali anavuka, asiyekubali anabaki. Huwezi kuvuka kidogo. Siku hiyo laini zote sita zilivuka kwa kelele, Mwalimu akabaki ng'ambo na wajumbe watatu.

"Kairitu," akaniita, kama wanavyowaita wasichana wote kwetu, "umetufunga mikono."

"Hapana, Mwalimu. Nimeufunga mmoja tu, ule wa kufungulia marafiki."

Watu walicheka sana. Nilikwenda nyumbani nikiwa mrefu kuliko nilivyotoka.

Wiki ya sita, siku ya soko, katikati ya kiangazi, bomba la laini yetu lilipasuka kwenye kiungo, juu kidogo ya shamba la shosho, bibi kizee jirani yetu. Ni mjane, anaishi peke yake, na alikuwa amepanda mishiri, yale maharagwe membamba ya kuuzwa mabichi. Ilikuwa imebaki siku nne aanze kuchuma. Maji yaliruka juu kama mgomba, yakaangukia matuta ya juu, yakaanza kushuka na udongo mwekundu.

Fundi alifika upesi kwa baiskeli. Mimi nilifika na daftari la wanachama. Mjumbe wetu alikuwa sokoni, kwa hiyo mwenye cheo pale nilikuwa mimi tu. Fundi akafungua kisanduku, akaweka spana, akanitazama.

"Nifunge?"

Kulikuwa na neno moja la kusema. Nikasema, "Ngoja. Lazima tupate akidi."

"Akidi ya nini na shamba linaenda?"

"Laini ina kaya thelathini na nne. Tukifika ishirini na tatu tunapiga kura."

Akaiondoa spana, akaiweka begani. Nilianza kuhesabu. Tulikuwa tisa. Baada ya nusu saa tulikuwa kumi na mmoja. Mwanamume mmoja, ambaye kura ya kaya yao iko kwa jina la mkewe, akampigia mke simu, tukawa tunasikia pande zote mbili.

"Rudi upige kura."

"Kura ya nini?"

"Ya kufunga maji. Paipu imepasuka kwa shosho."

"Si mfunge!"

"Hatuwezi, hujafika."

"Mnaumwa?"

Shosho mwenyewe alikuwa ndani ya shamba, magotini kwenye tope, akijaribu kuyageuza maji kwa jembe. Akatuinulia kichwa. "Mnahesabu nini huko? Mnihesabu mimi mara mbili!"

Waliokuwepo waliacha kungoja, wakaingia shambani na majembe. Mimi nilibaki kwenye kisanduku. Nilijiambia kwamba mtu lazima abaki kuhesabu. Karibu saa tatu baadaye walifika wanawake wawili kwa bodaboda, na ndizi zao ambazo hazijauzwa mapajani, tukawa ishirini na watatu. Mtaro ulikuwa mbali, kwa hiyo mikono ikainuliwa, yote. Fundi akazungusha spana. Haikumchukua dakika moja.

Matuta manne ya juu hayakuwepo tena. Mishiri ililala chini kwenye tope, mizizi juu.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Ningependa kusema nilikuwa natetea haki ya wengi. Lakini pale kwenye kisanduku sikuwa nafikiria wengi. Nilikuwa nafikiria kwamba kifungu hiki kikivunjwa mara ya kwanza tu kinapojaribiwa, kila mtu atajua kilikuwa kibaya. Nilikuwa nalinda sentensi yangu. Ilikuwa sentensi iliyonyooka, bila neno la ziada, na niliitazama mishiri ya shosho ikienda huku nikiilinda.

Jioni hiyo hiyo maneno yakaanza kuzunguka. Ati fundi amekataa kufunga. Ati fundi ana kisa na shosho. Sikukanusha. Siku ya saba nilikutana naye njiani, akashuka kwenye baiskeli.

"Fundi," nikamwambia, "mbona hukusema ni mimi?"

"Kumbukumbu si unaandika wewe? Nilidhani utaandika."

Akapanda baiskeli akaenda. Angenitukana ningelala vizuri zaidi.

Mwalimu akaitisha mkutano wa laini zote. Hoja ilikuwa moja: valvu zote zirudi mikononi mwa wajumbe sita, kama zamani, na mambo ya kuvuka mtaro yabaki kwa siku ya kuchagua wajumbe tu. Simlaumu. Alikuwa na hoja ya kweli, na watu waliokuwa wakinishangilia walikuwa sasa wanatingisha vichwa kumkubali. Nilijua vizuri kilichokuwa mezani. Kama hoja ile ingepita, tungerudi kwenye "Si mlituchagua?" na hakuna ambaye angethubutu tena kusema watu wa kawaida wanaweza kuamua. Wangemjibu, "Mnakumbuka mishiri?"

Safari hii sikuandika rasimu. Niliyatoa madaftari ya Timau nikatafuta ule ukurasa ambapo kijitabu kiliruka, na kwa mara ya kwanza nikaacha nafasi pale katikati iwe wazi, nikajiuliza kulikuwa na nini. Jibu lilikuwa la kawaida mpaka likaniaibisha. Katikati kulikuwa na mjumbe. Si yule bwana wa zamani, bali mtu aliyetumwa, anayefanya kazi ya kila siku watu wakiwa sokoni, halafu anarudi kwa waliomtuma kueleza alichofanya. Mkutano hauwezi kushika spana. Mshika spana naye hawezi kuachwa bila mkutano. Nilikuwa nimevitenganisha kwa sababu tu mtu fulani alichana kurasa, labda kuwashia jiko.

Siku ya mkutano watu walijaa mpaka nyuma ya tangi. Mwalimu alizungumza vizuri. "Mikono mingi haiwezi kuzungusha spana moja," alisema. "Tulijaribu. Shosho ndiye aliyelipia jaribio." Halafu akamtazama fundi. "Na wewe, siku ile ungetumia akili tu."

Nikasimama kabla fundi hajajibu.

"Fundi alitumia akili. Alikuwa ameshaweka spana. Ni mimi niliyemwambia angoje, na nimenyamaza siku tisa mkimsema."

Mtu nyuma akasema, "Woi," polepole.

"Shosho," nikasema, "nisamehe. Kifungu kilikuwa changu na nilikipenda kuliko shamba lako."

Shosho alikuwa anarekebisha kilemba chake. Nikaendelea, kwa sababu nilijua nikikaa sitasimama tena. Nikasema tusirudi nyuma. Nikasema kifungu kiandikwe hivi: mjumbe na fundi wanaweza kufunga valvu papo hapo, bila kumwuliza mtu, palipo na hatari. Kufungua na kugawa zamu kubaki kwa wanachama wenyewe, kwa kuvuka mtaro. Na yeyote aliyefunga, au aliyepaswa kufunga asifunge, afike mbele ya laini yake ndani ya siku saba aeleze, na laini hiyo, wengi wakitaka, imrudishe nyumbani siku hiyo hiyo na kumtuma mwingine.

"Na akifunga kila wiki," Mwalimu akauliza, "akisingizia kupasuka?"

"Basi atakuja kueleza kila wiki, Mwalimu. Atachoka kabla yetu."

Kicheko kilipita kwenye mkutano, na nilisikia ndani yake kitu ambacho sikukisikia siku ya kwanza. Siku ya kwanza walifurahia Mwalimu kufungwa mikono. Sasa walikuwa wanalipima jambo lenyewe. Mwanamke wa laini ya tano akauliza kama kifungu kinamhusu mwenyekiti pia. Mzee mmoja akauliza kama kueleza kwa simu kunatosha, wakamwambia hapana, aje tumwone macho. Maswali yalikuwa bora kuliko rasimu zangu zote kumi na nne.

Tulipokuwa tayari kupiga kura, shosho akanyanyua mkono.

"Kabla sijavuka. Hicho kifungu kinaanza lini?"

"Kikipita, shosho."

"Kikipita leo?"

"Kinaanza leo."

"Haya." Akavuka wa kwanza.

Walivuka laini nne nzima, na ya tano karibu yote. Mwalimu alisimama ukingoni muda mrefu, halafu naye akavuka, akiruka vibaya, kiatu kimoja kikaingia majini. Watu wakampigia makofi. Nilikuwa bado naandika idadi wakati shosho alipoongea tena.

"Sasa. Huyu karani ametumwa na laini yetu, ya tatu. Alipaswa kufunga, hakufunga. Amekuja mbele yetu, ameeleza, nimemsikia. Na mimi nimemsamehe, asije akasema sikumsamehe. Lakini nataka tumrudishe nyumbani."

Wa kwanza kunitetea alikuwa Mwalimu, na hilo lilinishangaza. "Shosho, binti amekiri. Tusiwe wakali."

"Mwalimu, si ukali. Ni kifungu."

Watu walinigeukia. Nilihisi joto likipanda shingoni, na chini ya hilo joto nikahisi kitu kingine ambacho sikukitarajia, kitu kigumu na kitulivu kama sakafu. Kilikuwa kinafanya kazi. Mwanamke mmoja asiye na cheo, mwenye robo ekari iliyochimbika, alikuwa anamwondoa mtu mwenye cheo kwa utaratibu, mchana, bila matusi, na hakuna aliyeweza kumwambia, "Si mlituchagua?" Sijawahi kuona hilo Timau. Sijawahi kuliona katika nchi yetu kubwa, ambako tunapiga kura na kungoja miaka mitano tukiwatafuta tuliowatuma. Nililiona pale, likanikuta mimi.

"Hoja imetolewa," nikasema. "Laini ya tatu peke yake. Wanaotaka karani arudi nyumbani, wavuke."

Kuhesabu kulikuwa bado kazi yangu, kwa hiyo nilihesabu. Kaya moja kura moja, na nyumbani kwetu kura ni ya mama. Walivuka mmoja mmoja, wengine wakitazama chini. Yule mwanamume wa simu alisimama mguu mmoja huku na mwingine kule, mpaka mkewe, mwenye kura yao, akamsukuma. Kumi na mmoja. Kumi na wawili. Kumi na watatu. Kisha nikamwona mama amesimama ukingoni. Alikunja rinda lake lisilowe, akapima hatua, akavuka. Hakunitazama. Niliandika kumi na wanne.

Waliishia kumi na tisa, na kumi na wanane walitosha. Nilihesabu tena, nikitembea nyuma yao, halafu nikaandika, nikatia sahihi, nikampa daftari mwanamke aliyechaguliwa baada yangu. Ni mmoja wa wale wawili wa ndizi. Kabla hatujatawanyika mkutano ulikubaliana kila laini itoe asubuhi moja ya kuyajenga upya matuta ya shosho, na laini ya tatu ianze kesho yake.

Mama alinitangulia nyumbani. Nilipoingia alikuwa anapakua mukimo, mgongo kwangu. Nikakaa. Nilikuwa nimekwisha kuandaa kichwani maneno ya kumwonyesha kwamba sina kinyongo, nikayapanga na kuyapanga upya njia nzima. Hakunipa nafasi.

"Ulihesabu sawasawa?"

"Mara mbili."

"Walikuwa wangapi?"

"Kumi na tisa, na wewe ukiwemo."

Akaweka sahani mbele yangu, imejaa kuliko kawaida.

"Basi kula," akasema. "Kesho tunaenda kuchimba kwa shosho, na wewe huna daftari la kushika."